Jifahamu unavyokula kabla ya kuanza kubadilisha mlo

Na MWANDISHI WETU

WATU wengi wakiulizwa wanakula nini kwa siku hujibu bila kusita: chai na mkate asubuhi, githeri mchana, ugali na sukuma wiki jioni, na tunda iwapo limepatikana. Jibu hilo si la uongo, ila aghalabu huwa limeacha mengi nje. Halitaji vijiko vya sukari katika kikombe cha pili na cha tatu, andazi alilopewa mtu na mwenzake kazini, njugu zilizonunuliwa kituoni wakati wa kungojea matatu, wala mabaki ya watoto ambayo mama alimaliza akiondoa sahani kwa kuchelea kutupa chakula.

Pengo hilo baina ya chakula tunachokumbuka na kile tulichokula limewahi kupimwa. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti kuhusu watu wanene waliosisitiza kwamba walikuwa wakila chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawakupungua uzani. Walipochunguzwa ilibainika kuwa miili yao ilikuwa ikitumia nguvu kwa kiwango cha kawaida. Kasoro ilikuwa katika hesabu. Walikuwa wakitaja chakula pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi ya mwili zaidi ya yale waliyofanya kwa asilimia 51.

Hakuna haja ya kuwaita waongo. Mtu hukumbuka milo aliyoketi mezani akala. Kilichopita mkononi akiwa amesimama hukisahau upesi.

Jambo hili lina uzito kwa Wakenya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na washirika wake, ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, na takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja. Katika utafiti huo huo, asilimia 94 hawakuwa wakifikisha kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa, yaani gramu 400 kwa siku.

Miaka saba baadaye, utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliripoti kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kati ya miaka 20 na 49 walikuwa na uzani uliozidi au unene. Wakati huo huo asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe ya kutosha. Hali hizo mbili si za mataifa mawili tofauti. Yamkini zimo katika kijiji kimoja, na pengine katika nyumba moja.

Shinikizo la damu na kisukari havibishi hodi. Mtu huweza kuishi navyo miaka mingi bila maumivu, kisha siku moja akapooza upande mmoja wa mwili au akaambiwa figo zake zimechoka. Ndiyo maana kusubiri dalili kabla ya kuuchunguza mlo ni kusubiri kupita kiasi.

Daftari la siku saba

Njia rahisi ya kujichunguza haihitaji mashine wala ada ya mtaalamu. Chukua daftari dogo la shule, au simu yako, uandike kila kitu unachotia kinywani kwa siku saba mfululizo. Kila kitu maana yake ni kila kitu: maji, chai, peremende, kipande cha muwa, kijiko cha mchuzi ulichoonja ukipika.

Andika papo hapo, si usiku kabla ya kulala, kwa kuwa kufikia saa tatu usiku nusu ya habari itakuwa imepotea. Tumia vipimo vya nyumbani ambavyo utavielewa baadaye: kikombe, kijiko cha chai, upawa, kipande cha ukubwa wa ngumi. Usijisumbue kuhesabu kalori. Anayeanza kwa hesabu hizo hukata tamaa siku ya pili.

Kando ya chakula, andika saa, mahali, uliyekuwa naye, na iwapo ulikuwa na njaa kweli. Safu hiyo ya mwisho wengi huiruka, ilhali ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Katika wiki hiyo usibadilishe chochote. Mtu akijua anaandika, hushawishika kula kama mgeni wa heshima, na daftari lake litamweleza habari za mtu mwingine asiyekuwepo. Ikumbukwe pia kwamba wiki ya mshahara na wiki ya mwisho wa mwezi hazifanani. Anayelipwa mwisho wa mwezi afanye zoezi hili mara mbili, mfuko ukiwa umejaa na ukiwa umekauka, kisha alinganishe.

Kuandika kwenyewe kuna nguvu yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliohusisha karibu watu 1,700 waliokuwa wakijaribu kupunguza uzani, ulionyesha kuwa walioandika chakula chao kila siku walipungua takriban mara mbili ya wale ambao hawakuandika. Daftari halichomi mafuta mwilini, lakini humfanya mtu asite kidogo kabla ya kuunyosha mkono.

Sukari iliyomo kikombeni

Wiki ikiisha, keti ulisome daftari lako kama unavyosoma barua ya mtu usiyemjua. Katika nyumba nyingi za Kenya, jambo la kwanza litakalojitokeza ni chai.

Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4 za sukari. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku na kutia vijiko viwili katika kila kimoja amepata gramu 24. Akiongeza soda ya mililita 300, yenye takriban gramu 30, amepita 50. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ni bora zaidi isipite gramu 25. Basi mtu huyo amemaliza kiwango chake chote kabla ya kugusa mkate, maandazi au juisi ya pakiti.

Chai ina jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Majani yake yana viambato vinavyoshikana na madini ya chuma yaliyomo katika mboga, maharagwe na nafaka, na kuyazuia yasifyonzwe vyema na mwili. Kwa mwanamume mwenye afya huenda hilo lisilete hasara kubwa. Kwa mama mjamzito, msichana aliyeanza kupata hedhi au mtoto mdogo, ambao mara nyingi hupungukiwa na damu, kikombe cha chai pamoja na mlo wa ndengu huyapora madini waliyokuwa wakiyahitaji. Si lazima chai iachwe. Inatosha kuinywa saa moja au zaidi baada ya chakula, na mlo uambatane na kitu chenye vitamini C, kama vile chungwa, ndimu au nyanya mbichi ya kachumbari, kwa kuwa vitamini hiyo husaidia chuma kufyonzwa.

Pakiti ya chumvi ina mengi ya kueleza

Chumvi haionekani katika daftari, kwani imeyeyuka ndani ya kitoweo. Ipo mbinu nyingine ya kuifichua. Siku utakapofungua pakiti mpya ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu, kisha tazama imemalizika lini.

WHO hushauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na watoto wale chini ya hapo. Familia ya watu wazima watano haifai kupita gramu 25. Hivyo pakiti ya gramu 500 ingestahili kudumu siku 20 angalau, na zaidi ikiwa miongoni mwao wamo watoto. Ikiisha baada ya siku 10, familia hiyo inakula maradufu ya kiwango, na hapo hatujaongeza chumvi iliyomo katika mkate, soseji, vibanzi vya mtaani na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi.

Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa mafuta. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4. Lita moja ikitumiwa na watu watano kwa siku 10, kila mmoja hupata mililita 20 kwa siku, kiasi cha kalori 160 au zaidi kidogo. Ikimalizika kwa siku nne, kila mmoja amepata zaidi ya kalori 400 kutoka kwa mafuta ya kupikia pekee. Mpishi hataona tofauti, kwa sababu humimina kwa mazoea na hapimi. Mama wa nyumbani anayepima mafuta kwa kijiko badala ya kuinamisha mtungi hugundua upesi kwamba sukuma wiki huiva vizuri tu kwa theluthi ya kiasi alichozoea.

Baadhi yetu tumelelewa tukiamini kuwa kitoweo kinachoelea mafuta ni ishara ya ukarimu. Imani hiyo ilikuwa na maana yake katika enzi ambazo mafuta yalikuwa adimu na mtu alitembea kilomita nyingi kwa siku. Mwili wa karani anayeketi saa nane hauna kazi nayo.

Saa na sababu za kula

Anayeishi pembezoni mwa Nairobi na kufanya kazi katikati ya jiji huenda akatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kula, akashikilia kwa chai hadi mchana, akala vibanzi kwa kuwa ndivyo vya haraka, kisha akafika nyumbani saa mbili usiku akiwa na njaa ya siku nzima. Hapo ndipo ugali wa watu wawili huliwa na mmoja, na baada ya saa moja amelala. Si ulafi. Mwili ulionyimwa chakula mchana kutwa hudai deni lake lote kwa mkupuo.

Kwa mtu kama huyo, kumwambia apunguze chakula cha usiku ni kumchosha bure. Dawa yake iko asubuhi na mchana: yai la kuchemsha, viazi vitamu au nduma alivyopika jana, ndizi mbili ndani ya mkoba, au kikombe cha uji wa wimbi. Chakula cha jioni kitapungua chenyewe.

Sasa itazame ile safu ya njaa. Wengi hushangaa kuona kuwa sehemu kubwa ya walichokula hawakukila kwa sababu ya njaa. Walikula kwa kuwa saa imefika, televisheni inawaka, wamechoka, wamekasirishwa kazini, au wamo ugenini na mwenyeji anasisitiza. Hili la ugeni lina mizizi katika utamaduni wetu. Kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe, na katika harusi au matanga, sahani hupakuliwa na mtu mwingine anayepima mapenzi kwa upawa. Njia ya heshima ni kutangulia. Mwambie, "Shangazi, nipakulie kidogo nianzie hapo, nitarudi kuongeza." Kurudi huko hakuna atakayekufuatilia.

Kula upesi nako kuna gharama. Ishara za kushiba hutoka tumboni na katika utumbo hadi kwenye ubongo, na huchukua dakika kadhaa. Anayemaliza sahani kwa dakika tano huwa ameongeza kabla habari hazijafika.

Utafiti mmoja wa mwaka 2019 unastahili kutajwa hapa. Watafiti wa taasisi ya kitaifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo chao kwa majuma manne. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupindukia viwandani, na kwa mengine mawili vyakula visivyosindikwa sana, huku milo yote ikilinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Waliachiwa wale watakavyo. Katika majuma ya vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, na pia walikula kwa kasi zaidi. Washiriki walikuwa wachache, lakini masharti ya utafiti yalikuwa makali, na matokeo yake ni ya kuzingatiwa na kila mzazi anayemfungia mtoto biskuti na soda kuwa chakula cha shule.

Si kila ushauri unaotembea una mashiko, lakini. Kwa miaka mingi magazeti ya dunia yalinukuu tafiti za profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Brian Wansink, kuhusu jinsi ukubwa wa sahani na mpangilio wa jikoni unavyomfanya mtu ale zaidi. Mwaka 2018 chuo hicho kilisema kilimpata na makosa ya kitaaluma, naye akajiuzulu, na makala zake kadhaa zikaondolewa katika majarida. Kutumia sahani ndogo hakudhuru, ila asije mtu akaitegemea sahani imfanyie kazi yote.

Mboga tulizozidharau

Daftari huonyesha pia kile kisichokuwepo. Kurasa nyingi zitakuwa na sukuma wiki, kabeji, kisha sukuma wiki tena. Managu, saga, terere, kunde na mrenda huwa ni nadra, hasa mijini, ingawa siku hizi hupatikana masokoni kuliko zamani.

Mengi ya mabadiliko hayo yametokana na jitihada za wasomi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliyetumia miaka mingi kuzifanyia utafiti mboga za kiasili wakati ambapo wengi waliziona kuwa magugu au chakula cha maskini. Mwaka 2010 alituzwa na Umoja wa Afrika kwa kazi yake ya kisayansi. Mwaka 2021 shirika la Unesco nalo liliitambua Kenya kwa mradi wake wa kuhifadhi vyakula vya kiasili. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kwa wingi, mradi zisichemshwe kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Uchungu wa managu hupungua ukizichanganya na maziwa au na terere, kama wafanyavyo akina mama wa Magharibi na Bonde la Ufa.

Kuna msomaji atakayesema mambo haya ni ya wenye uwezo, kwamba asiye na kitu hachagui. Ana haki kusema hivyo. Jina lenyewe sukuma wiki linaeleza hali ya mfuko. Hata hivyo soda moja na maandazi mawili mara nyingi hugharimu zaidi ya mayai mawili, na omena, maharagwe na ndengu hutoa protini kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Daftari likiwa na safu ya bei, litamwonyesha mtu pesa zake zinakokwenda.

Badili jambo moja

Baada ya kulisoma daftari, chagua jambo moja tu. Si matatu. Anayeacha sukari, ugali, nyama na mafuta siku ya Jumatatu huwa amevirudia vyote kufikia Ijumaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, katika makala iliyochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, kama vile kula tunda pamoja na chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo hilo kuwa la mazoea, baadhi wakichukua siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga mambo. Kwa hiyo toa nusu kijiko cha sukari katika kila kikombe, ukae hivyo majuma mawili, kisha utoe nusu nyingine. Chumvi nayo ipunguzwe polepole, kwa maana ulimi huzoea, na baada ya majuma kadhaa kitoweo cha zamani huonekana kuwa kikali.

Sahani yenyewe ni rahisi kuikadiria kwa macho: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali, chapati au viazi, na robo iwe maharagwe, samaki, mayai au nyama. Kwa Wakenya wengi hilo ni kuupindua mlima wa ugali na kilima cha mboga vibadilishane nafasi.

Wapo wasiofaa kufanya mabadiliko peke yao. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge akipunguza chakula ghafla huweza kuishiwa na sukari mwilini na kuzirai. Mwenye ugonjwa wa figo ana masharti yake kuhusu mboga na maharagwe, na mjamzito hapaswi kujaribu kupunguza uzani. Yule ambaye kuandika chakula kunamtia hofu, akaanza kujinyima au kujitapisha, aliache daftari mara moja na amwone mhudumu wa afya.

Kipimo cha kujifuatilia ni utepe wa fundi cherehani. Uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kikipita 88 na 102. Ukiwa umepita vipimo hivyo, au mzazi wako ana kisukari au shinikizo la damu, enda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe vyote viwili, na ulibebe daftari lako. Mhudumu akikuuliza unakula nini kwa siku, mfungulie ukurasa.